Jembe la Siku ya Tatu

Zamani, lakini si zamani sana, maana walioshiba ule ubwabwa bado wana vitambi vyao, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimekatazwa kulitaja. Nami ni raia mtiifu, silitaji. Nitasema tu kwamba ilikuwa nchi yenye milima, mito na mawaziri, na kwamba huko mwisho wake, upande wa machweo, palikuwa na nyika moja iitwayo Kikavu. Leo ukifungua kitabu cha historia ya wilaya utasoma kwamba Kikavu haikuwa na mtu hata mmoja mpaka Serikali ilipoiumba. Kitabu kina jalada la ngozi. Mimi sina jalada, nina mdomo tu, lakini mdomo wenyewe ulikuwepo.

Tulifika Kikavu kwa mikokoteni ya ng'ombe, kaya kumi na nane, tumekimbia ukame kule tulikotoka. Aliyetutangulia ni wifi yangu Sikudhani, mjane wa marehemu kaka yangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kaka yangu mwingine, Mfaume, alitaka tuendelee mbele. Mfaume maisha yake yote hutaka kuendelea mbele. Sikudhani akashuka kwenye mkokoteni, akavua viatu, akaketi.

"Mimi nimechoka," akasema. "Tutachimba hapa hapa. Maji yakiona haya yatatoka yenyewe."

"Shemeji, hapa pakavu!"

"Na huko mbele unakokutaka umekuona? Shika jembe, shemeji yangu, acha maneno."

Tukachimba. Wanaume walichimba, wanawake tukachimba, na waliochoka waliimba ili wasionekane wamekaa. Sikudhani ndiye aliyeshinda chini ya shimo kuliko wote, akitoka huko kichwa chote vumbi, meno tu ndiyo meupe. Siku maji yalipotoka aliketi ndani ya matope akalia kwa sauti, nasi tulio juu tukalia bila kuulizana. Sijapata kufurahi vile tena.

Kisima kile ndicho kilikuwa serikali yetu. Mwenye ugomvi aliambiwa amalize kwanza zamu yake ya kuvuta maji, na akimaliza kuvuta hana tena nguvu ya ugomvi. Tulilima, tukajenga, tukaozesha, tukazika. Mfaume akapata binti uzeeni, tukamwita Tunu. Hatukujua kwamba hatupo.

Mwaka wa pili likaja gari. Akashuka bwana mmoja mnene, suti yake ya rangi ya maziwa, jina lake Pantaleo Kisinda, cheo chake Ofisa Mwanzilishi wa Wilaya Ambazo Hazijakuwepo. Alikuwa na mpiga picha wake. Nasi, masikini, tukatoka mbio na vigelegele: mgeni njoo, mwenyeji apone! Loo, methali nyingine zingekuwa zinaandikiwa onyo.

Siku ya kwanza alikula jogoo. Siku ya pili alikula kuku aliyekuwa akimlilia jogoo. Siku ya tatu, sasa, kwetu kuna desturi. Watu wengi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wakacheka wakaishia hapo. Sisi hatuchekei, sisi tunampa. Asubuhi ya siku ya tatu mgeni hukabidhiwa jembe kwa mikono miwili, na maana yake si kumfukuza wala kumsimanga, maana yake ni kwamba sasa wewe si mgeni tena, wewe ni wetu. Wapo waliolia machozi kwa kupewa jembe lile.

Sikudhani akapiga goti kidogo, akamkabidhi.

"La nini hili?" akauliza Bwana Pantaleo.

"La kulimia, baba. Umeshakuwa mwenyeji."

Akaligeuzageuza kama anayetafuta mahali pa kuliwashia. Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, sogea hapo kwenye kisima. Geuka kidogo, tumbo liingie kivulini." Mheshimiwa akasogea, akainua jembe, akapiga ardhi mara moja. Jembe likagonga jiwe, akanyonya kidole.

"Asanteni sana," akasema. "Nimechimba."

Akapanda gari akaondoka. Na jembe aliondoka nalo.

*

Baada ya masika akarudi na msafara. Mbele ya msafara watu wanne walibeba picha kubwa kuliko mlango: Bwana Pantaleo na jembe lake kando ya kisima, uso wake umejaa uchungu wa nchi, nao ulikuwa uchungu wa kidole. Chini ya picha pameandikwa MWASISI. Tukauliza mwasisi wa nini. Tukaambiwa wa sisi.

"Wananchi!" akasema Bwana Pantaleo, amesimama juu ya mkokoteni wa Mfaume bila kuomba. "Nilipofika hapa palikuwa pori tupu, lisilo na chochote ila watu! Nikashika jembe kwa mikono yangu hii! Leo ninayo heshima, taadhima na unyenyekevu kuwatangazieni kuzaliwa kwa Wilaya ya Lukombeso, nami ndiye mkuu wake!"

Lukombeso ni waziri. Hakuwahi kufika Kikavu, ingawa inasemekana aliwahi kuipita kwa ndege akiwa amelala. Wilaya ikapewa jina lake kwa kutambua usingizi huo.

Ikatokea shida ndogo. Sheria ilitaka wilaya iwe na watu mia tatu, nasi hata tukihesabu wajawazito mara mbili hatukufika mia. Bwana Pantaleo hakuwa mtu wa kushindwa na idadi. Akaja zizini na karani wake.

"Yule pale mwenye mabega anaitwa nani?"

"Yule ni Msafiri," akasema Mfaume.

"Msafiri nani?"

"Msafiri ng'ombe wangu, Mheshimiwa. Dume la mkokoteni."

"Andika: Msafiri wa Mfaume, mtu mzima, mchapakazi. Anayefuata?"

Hivyo ng'ombe wetu wote wakawa raia, wakafuatia mbuzi kama vijana, na kuku wakaandikwa kina mama wajasiriamali. Sikudhani alicheka mpaka akashika mbavu. Mfaume hakucheka, aliona fahari, na tangu siku ile akawa anamwambia Msafiri "samahani" kabla ya kumchapa.

Watumishi walikuja arobaini. Alikuja Ofisa Uvuvi na nyavu zake. Alikuja Ofisa wa Kuzuia Mafuriko, akapewa nyumba kilimani kwa usalama wake. Alikuja hakimu, alikuja mkuu wa gereza, mpishi wa gereza na mnasihi wa wafungwa, na mfungwa hakuwepo. Majengo yakapanda kwa matofali, na maji ya matofali yakatoka kisimani kwetu. Makao makuu ya wilaya walitafuta mahali pa kuyajenga katika nyika yote ile, upeo wa macho hadi upeo wa macho, wasipaone ila katikati ya shamba la mihogo la Sikudhani. Alipouliza fidia akaambiwa fidia yake ni maendeleo.

"Sawa," akasema Sikudhani. "Mihogo nitapanda kwingine. Maadamu kisima kipo."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea. Wiki ile ile wakaja kukijengea kibanda kisima, mlango wa chuma, kufuli la ukubwa wa sahani, na juu ya kufuli utepe wa rangi za taifa.

Hapa wewe usiye wa nchi ile utahitaji kuelewa jambo moja. Kule kitu chochote hakitumiki mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Daraja huweza kuwa limekamilika, watu wakaendelea kuvuka mto kwa kuogelea chini yake, wakimsubiri mwenye mkasi. Nimesikia kuna wodi ya wazazi huko mjini ilisubiri mgeni rasmi mpaka watoto waliozaliwa nje yake walipokuja wenyewe kujifungua. Ndiyo utaratibu, na utaratibu ni kitu kizuri.

"Lakini kisima hiki tunakunywa mwaka wa tatu huu!" Sikudhani akamwambia Bwana Pantaleo.

"Mlikuwa mnakunywa isivyo rasmi, mama."

"Maji ni yale yale!"

"Mama yangu, usitangulie Serikali. Mheshimiwa Waziri atakuja Jumamosi kuzindua. Mvumilie tu mpaka Jumamosi."

Jumamosi Waziri akawa na mafua. Jumamosi nyingine akawa anazindua kisima cha watu wengine, ambao nao nadhani walikuwa wamekichimba wenyewe. Jumamosi iliyofuata alizindua kalenda, na baada ya kalenda akahitaji mapumziko. Kila mara tulivaa nguo safi, tukapangwa foleni juani, tukaimbishwa ule wimbo wa Lukombeso jua letu, kisha tukatangaziwa kuahirishwa na kuombwa tupige makofi kwa kuahirishwa. Tukapiga. Watu wa Kikavu tuna adabu, na adabu ndiyo itakayotuua.

Maji tukawa tunayafuata kwenye dimbwi la nyati, mwendo wa asubuhi nzima, maji ya kijani yenye vitu vinavyoogelea. Ofisa Uvuvi alifurahi sana tulipomwambia kuna vitu vinaogelea.

Na huku, jamani, bustani ya makao makuu ilikuwa inachanua. Majani yamelowa tangu asubuhi. Magari yanang'aa. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwa Bwana Pantaleo, na kibanda kilikuwa na mlango wa pili kwa nyuma. Nikamuuliza mtumishi mmoja aliyekuwa anaosha gari mbele ya macho yangu, hayo maji ni ya wapi?

"Ya kisimani."

"Si tumeambiwa hayatumiki?"

"Hatuyatumii, dada," akanijibu kwa upole. "Tunayafanyia majaribio."

*

Tunu akaugua. Tumbo lilimshika usiku akaamkia kwenye kuhara, na kufika jua la utosi macho yalikuwa yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Mamaye alibaki na kikombe cha maji ya dimbwi mkononi, hawezi kumpa, hawezi kuyamwaga. Mfaume, yule wa kutaka kuendelea mbele, aliketi mlangoni kichwa magotini. Mimi nilikwenda kwa Bwana Pantaleo. Nilimpigia magoti, nasema wazi, nilimpigia magoti nikamwomba ndoo moja. Akanipa pole ya Serikali, akaniambia wilaya nzima inamwombea mtoto, na Jumamosi si mbali.

Niliporudi Sikudhani alikuwa amesimama uani na mchi wa kutwangia.

"Amesemaje, wifi?"

"Amesema pole."

Sikudhani akaenda moja kwa moja kwenye kibanda, mchana kweupe, akapiga kufuli kwa mchi ule mpaka likafunguka mdomo. Utepe ukadondoka. Akavuta ndoo, akaja nayo, tukachemsha, tukatia chumvi na sukari, tukamnywesha Tunu kwa kijiko, kidogo kidogo. Jioni yake mtoto alilia, na kilio kile chenye machozi nilikisikia kama tarumbeta.

Mchi ulipopiga kufuli, makao makuu walisikia. Unadhani walikasirika? Wee! Walikumbatiana! Mkuu wa gereza alikuja anakimbia anafunga vifungo. Mpishi akawasha moto. Hakimu alitoa joho lake sandukuni, akalikung'uta nondo. Mhalifu wa kwanza wa Wilaya ya Lukombeso alikuwa amepatikana, na ripoti ya robo mwaka ingependeza. Sikudhani akakamatwa kwa kosa la kuzindua bila cheo.

Walipomfikisha mlango wa gereza wakasimama. Gereza lilikuwa na utepe. Halijazinduliwa.

Wakampeleka mahakamani. Mahakama nayo ilikuwa na utepe. Wakatazamana, watu wazima arobaini wenye mishahara, kisha Bwana Pantaleo akatoa uamuzi: mama akae kwenye kiti nje ya gereza mpaka Jumamosi, akihesabiwa kuwa yumo ndani. Akawekewa askari. Askari alikuwa kijana wa watu, mwenye haya.

"Mama, samahani," akamwambia. "Ukitaka kutoroka naomba uniage."

"Nitakuaga, mwanangu," akasema Sikudhani. "Sasa niletee ule mchicha nichambue, siwezi kukaa hivi hivi."

*

Jumamosi ile Waziri Lukombeso akaja kweli. Alikuwa na haraka, ana wilaya nyingine ya kuizindua kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo chakula cha mchana kikawekwa kwanza, na kwa kuwa kitoweo cha heshima kilihitajika, wakamchinja Msafiri. Mfaume alipiga kelele kwamba huyo ni mtu mzima mchapakazi, ameandikwa, wanaua raia! Hakimu akamwambia hoja yake ina uzito, aipeleke mahakamani mahakama ikishafunguliwa. Basi Mheshimiwa Waziri akala mpiga kura wake, akasifu ulaini wa watu wa Kikavu, akaomba nyongeza ya paja.

Kisha akakata tepe. Akakata ya mahakama, akakata ya gereza, akakata na kamba ya kuanikia nguo ya mke wa mnasihi, maana mkasi ulikwisha kupata moto. Mwisho akafika kisimani. Kibandani palikuwa na bamba la shaba linalosema kisima hiki kimechimbwa na Mheshimiwa Pantaleo Kisinda, Mwasisi, kwa jembe lake mwenyewe. Jembe lenyewe lilikuwemo ndani ya kabati la kioo. Nililijua. Mpini wake alichonga marehemu kaka yangu.

"Ndugu zangu!" akasema Waziri. "Mlikuwa mnakufa kwa kiu! Nani amewaletea maji?"

"Serikali!" wakaitikia watumishi.

"Kabla ya Serikali mlikuwa mnakunywa nini?"

Kutoka kwenye kiti cha gereza ikaja ile sauti ya kuvuka bonde: "Maji ya hicho hicho kisima!"

Waziri akacheka, akidhani ni utani. Ndoo ikateremshwa kwa ngoma. Ikavutwa kwa vigelegele. Ndani yake mlikuwa na mchanga. Ikateremshwa tena, ikaja na mchanga na chura mmoja aliyekufa akiwa amekauka. Majaribio yalikuwa yamefanikiwa, kisima kimekwisha.

Mtu mwingine angeona aibu. Waziri alinyoosha mkono, akapewa maji ya chupa kutoka garini, akayainua juu, akasema, "Nayazindua!" Akanywa peke yake mpaka chini. Watumishi wakapiga makofi. Mwandishi wa habari akaandika kwamba maji yalikuwa matamu.

Kwa moyo wa furaha ile, akamsamehe mhalifu. Sikudhani akaletwa mbele, sufuria la mchicha kiunoni.

"Mama, Serikali imekusamehe."

"Imenisamehe nini?"

"Si uliiba maji, mama?"

"Yangu?" Sikudhani akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, hakufika mbali. "Mheshimiwa, mimi sijakusamehe wewe. Na huyu bwana wako mwambie anirudishie jembe."

Hakurudishiwa. Kesho yake tukafunga mikokoteni. Tulichukua majembe yaliyobaki, tukachukua raia wote wa zizini, tukampakia Tunu juu ya magunia, na Sikudhani akamuaga askari wake kama alivyoahidi. Watumishi walitupungia kutoka bustanini, wakidhani tunakwenda kwenye semina.

*

Nasikia kule Lukombeso waliendelea vizuri sana. Vikao vilifanyika. Ripoti ilionyesha wananchi wameongezeka na malalamiko yamekwisha kabisa, jambo ambalo halijapata kutokea katika wilaya yoyote. Shida ikawa moja tu: mgao wa fedha hutolewa kwa kichwa, na siku moja mkaguzi aliomba aonyeshwe kichwa.

Sisi tulikuwa tumefika mahali paitwapo Ng'ambo, Mfaume akiwa ameendelea mbele hadi roho yake ikatulia. Shimo jipya lilikuwa refu kuliko la kwanza na udongo ndiyo kwanza umeanza kuwa na ubaridi, tulipoona vumbi la gari.

"Watoto wangu!" akasema Bwana Pantaleo akishuka, suti ile ile, imegeuka rangi ya chai kwa kukosa maji ya kufulia. "Nimewatafuta kwa machozi! Nimekuja kuwaanzishieni tarafa!"

Nilitaka kumrushia mwiko. Sikudhani akanishika mkono. "Wifi, mgeni ni mgeni. Chinja jogoo."

Alikula siku ya kwanza, alikula siku ya pili. Siku ya tatu hakungoja kupewa, jembe alilidai mwenyewe, na mpiga picha akiwa tayari.

"Safari hii, Mheshimiwa," akasema Sikudhani kwa adabu zote, goti limepigwa, "picha ya kando ya shimo mtu anaweza kuitilia shaka. Ukiwa chini, unachimba, nani atabisha?"

"Mama huyu ana akili!" akasema Bwana Pantaleo.

Tukamteremsha kwa kamba, taratibu, viatu vinang'aa. Akatabasamu, akainua jembe, akapigwa picha. Kisha Mfaume akavuta kamba juu, akaikalia.

Alitukana kwanza. Baadaye akatupandisha vyeo, Mfaume akawa katibu tarafa, mimi mjumbe wa bodi. Mpiga picha aliulizwa toka chini kama hawezi kufanya kitu, akajibu kwamba yeye ni wa mkataba na mkataba umekwisha, akasogea kwenye ugali wetu. Sikudhani akainama ukingoni.

"Chimba, Mheshimiwa. Kwetu mgeni wa siku ya tatu hupandishwa maji yakitoka."

Na akachimba! Naapa, alichimba. Chakula tulimteremshia, hatuna roho mbaya, ila maji ya kunywa tukamwambia tunayo ya dimbwini tu, akayakataa kwa sababu yana vitu vinavyoogelea. Kesho yake kabla ya adhuhuri tukasikia sauti imebadilika.

"Maji! Jamani, maji yametoka! Yamefika magotini! Mliahidi, nipandisheni! Au basi niteremshieni hata kikombe, koo limekauka!"

Sisi juu tulianza kulia tena, kama mara ile ya kwanza, na Tunu akicheza katikati yetu. Sikudhani akajifuta uso kwa khanga, akainama tena ukingoni.

"Weee! Usiyaguse, Mheshimiwa! Hayo yametoka isivyo rasmi. Mgeni rasmi atakuja Jumamosi kuzindua, utakunywa na utapanda hapo hapo."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.